Wembe mkuukuu wa kukunja: Ufufue, lakini usijinunulie maradhi

Na DAKTARI WETU

KINYOZI hajinyoi, walisema wahenga, na akijinyoa hujikata. Hata hivyo, wako wanaume mijini ambao wameamua kujinyoa wenyewe, tena si kwa wembe wa plastiki wa kutupwa unaouzwa dukani, bali kwa ule wembe mrefu wa kukunja waliotumia vinyozi wa zamani.

Huenda nawe, msomaji, umewahi kuuona. Aghalabu hupatikana ndani ya sanduku la mzee aliyeaga dunia, au katika kibanda cha vyuma vikuukuu sokoni, ukiwa umechanganywa na vijiko, makufuli na funguo zisizo na wenyewe. Huwa na kutu, mpini wake hulegea, na muuzaji asiyejua thamani yake hukuachia kwa shilingi mia chache.

Wanaoupenda wana sababu zao. Ukitunzwa vyema, wembe mmoja humtosha mtu maisha yake yote na hata kumrithisha mwanawe. Haurundiki takataka za plastiki. Isitoshe, makali yake ni mamoja tu, jambo ambalo kwa baadhi ya ngozi lina faida, kama tutakavyoona.

Wagonjwa wanaoniuliza kuhusu nyembe hizi hutaka kujua jambo moja: Je, daktari, chombo kilichokaa na kutu miaka hamsini chaweza kuguswa na shavu la mtu? Jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti. Wembe huo uligusa damu ya watu usiowajua. Kutu yake imeshika uchafu. Na makali yake yakinolewa vibaya, yatakuumiza zaidi ya yale butu. Hebu tuyatazame masharti hayo moja baada ya jingine.

ULITOKA WAPI?

Nyembe nyingi za kale zinazopatikana duniani zilitengenezwa katika miji miwili: Sheffield nchini Uingereza na Solingen nchini Ujerumani. Sheffield ilipata sifa baada ya Benjamin Huntsman kuanza, katika miaka ya 1740, kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo, na hivyo kupata chuma safi kilichoweza kushika makali. Solingen ilikuwa na wafua panga tangu karne za kati, na mafundi wake wakawa hodari wa kuuchimba wembe pande zote mbili hadi ukawa mwembamba kama karatasi.

Tazama maandishi yaliyogongwa karibu na mkia wa wembe. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa zinazoingia nchini humo ziandikwe jina la nchi zilikotoka. Kwa hivyo wembe ulioandikwa jina la nchi aghalabu ni wa baada ya mwaka huo.

Kilichoupunguzia wembe huu umaarufu ni uvumbuzi wa Mmarekani, King Camp Gillette, aliyepata hataza ya wembe wenye makali ya kubadilishwa mwaka 1904. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya Marekani iliwapa wanajeshi wake nyembe hizo kwa mamilioni, nao waliporudi nyumbani hawakutaka tena kusumbuka na kinoo.

Kwa nini historia hii inamhusu daktari? Kwa sababu chuma kisichoshika kutu kilianza kutengenezwa Sheffield mwaka 1913. Nyembe nyingi za kale ni za chuma cha pua cha kawaida, ambacho hushika kutu upesi na huharibiwa na baadhi ya dawa za kuulia vijidudu. Ukiusafisha wembe wa babu kama usafishavyo sufuria, utauharibu.

KAGUA KABLA YA KULIPA

Wembe mwingine haufai kufufuliwa hata ukipewa bure. Ufungue polepole, ukiushika kwa mkia na kwa mgongo wake, mahali penye mwanga wa jua. Kama una kioo cha kukuza, kitumie. Angalia mambo haya:

Kwanza, nyufa. Ufa ulioanzia kwenye makali na kupanda juu hauna dawa. Kipande chaweza kumeguka wakati wa kunoa au kikiwa shavuni. Wembe wa aina hiyo uache.

Pili, mapengo. Pengo dogo, mfano wa chembe ya chumvi, laweza kunolewa likaisha. Pengo kubwa humaanisha kupunguza chuma kingi, kazi ambayo si ya anayeanza.

Tatu, kutu. Kutu nyekundu ya juu juu hutoka. Kutu nyeusi iliyochimba mashimo ni mbaya, hasa ikiwa karibu na makali. Utanoa leo na kesho utanoa tena, na kila ukifikia shimo makali yatabomoka. Mashimo yaliyo karibu na mgongo hayazuii kunyoa, ila hushika uchafu.

Nne, umbo. Ulaze wembe juu ya kioo cha dirisha. Mgongo na makali viguse kioo kwa urefu wote. Ukiyumbayumba, umepinda au ulinolewa vibaya.

Tano, mpini. Mipini ya zamani ilitengenezwa kwa pembe za ng'ombe, mifupa, mbao, seluloidi na hata pembe za ndovu. Hizi mbili za mwisho zina hatari zake.

Seluloidi ni plastiki ya kale inayoshika moto upesi mno. Ikizeeka huanza kuoza na kutoa mvuke wenye asidi, ambao huula wembe uliolala ndani yake. Ukiona wembe umeshika kutu pale tu unapoguswa na mpini, nao mpini una nyufa ndogondogo na harufu kali, ujue ndiyo hiyo. Utenganishe na wembe, usiuweke juani wala karibu na jiko.

Kuhusu pembe za ndovu, sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza kuwa nazo bila kibali, hata kama ni kipande kilichokatwa kabla hujazaliwa. Ukishuku kwamba mpini ni wa pembe hizo, usiununue. Kama umeurithi, waulize maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kabla ya kufanya lolote.

KUTU NA PEPOPUNDA

Watu wengi huamini kwamba kutu ndiyo iletayo pepopunda. Si kweli. Pepopunda huletwa na vijidudu vinavyoishi katika udongo, vumbi na samadi. Vijidudu hivyo hujifunika gamba gumu na vyaweza kukaa hivyo kwa miaka. Chombo chenye kutu huwa hatari kwa kuwa mara nyingi kimelala mahali penye udongo, na mashimo yake huuhifadhi udongo huo. Lakini chombo king'aavu kilichoanguka kwenye samadi ni hatari vilevile.

Kwa hivyo kabla hujaanza kazi, jiulize: mara ya mwisho nilichanjwa pepopunda lini? Wanaume wengi walichanjwa wakiwa watoto na hawakurudia tena. Kinga hupungua kadiri miaka ipitavyo. Ikiwa imepita miaka 10, nenda ukaongezewe dozi. Na ukijikata kwa kitu kichafu huku imepita zaidi ya miaka 5, usingoje. Fika kituo cha afya. Ugonjwa wenyewe hujitokeza baada ya siku kadhaa, aghalabu kati ya siku 3 na 21, ukianza kwa taya kukaza. Wakati huo kidonda huenda kimekwisha kupona na umekwisha kukisahau.

KAZI YA KUSAFISHA

Tayarisha meza yenye mwanga, gazeti kuukuu, glavu nene na miwani ya kukinga macho. Watoto wasiwe karibu. Mtoto akililia wembe mpe, walisema wahenga, lakini hapa tusiwafuate.

Hatua ya kwanza ni kuyaua makali yaliyobaki. Pitisha wembe mara moja au mbili, kwa wepesi, juu ya kingo ya chupa. Usiogope kuuharibu. Makali hayo utayatengeneza upya, na wembe butu ni salama zaidi kushika unapousugua.

Hatua ya pili, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ukitumia mswaki mkuukuu. Piga mswaki mpaka ndani ya mpini na kwenye ribiti inayoshikilia wembe. Hapo ndipo hukaa mchanganyiko wa sabuni kavu, nywele, ngozi na damu za watu waliotangulia. Kama mpini umelegea au umeoza, afadhali ribiti itolewe kwa keekee ndogo, vipande vitenganishwe, kisha fundi aweke ribiti mpya ya shaba. Fundi wa saa au sonara hodari huiweza kazi hiyo.

Hatua ya tatu ni kutoa kutu. Paka mafuta ya cherehani na uache kwa saa kadhaa, kisha sugua kwa msasa laini. Anza na namba 400 kama kutu ni nyingi, uendelee na 600, 1000 na 2000. Sugua msasa ukiwa na maji au mafuta ili vumbi lisiruke likaingia puani. Laza wembe juu ya kipande cha ubao, na usugue kwa urefu wake, vidole vikiwa upande wa mgongo. Usisugue kamwe kuelekea makali. Malizia kwa dawa ya kung'arisha chuma na kitambaa laini.

Yapo mambo matatu usiyopaswa kufanya. Usiloweke wembe ndani ya siki usiku kucha, kwani asidi itaula chuma kizima pamoja na kutu. Usitumie mashine ya umeme ya kusagia au kung'arisha, kwa maana gurudumu laweza kuunyakua wembe na kuurusha usoni pako. Tena joto lake hulainisha chuma, na ukiona makali yamegeuka rangi ya buluu, ujue ugumu wake umekwisha. La tatu, usipitishe wembe motoni ukidhani unaua vijidudu. Wako vinyozi wanaomwagia mashine zao spiriti na kuziwasha kiberiti. Kwenye wembe huu, moto utaua makali, na kama mpini ni wa seluloidi, utaushika mkononi mwako.

KUUA VIJIDUDU

Kung'aa si kuwa safi. Wembe waweza kumetameta kama kioo na bado ukawa na virusi.

Anayetutia hofu zaidi hapa si kirusi cha Ukimwi, ambacho hudhoofika upesi kikitoka mwilini, ingawa damu mbichi ya mtu aliyenyolewa sasa hivi ni hatari kwa anayefuata. Kirusi sugu ni kile cha homa ya ini aina ya B. Hicho chaweza kukaa katika damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi na bado kikamwambukiza mtu. Damu yenyewe yaweza kuwa kidogo kiasi kwamba jicho haliioni. Wembe uliokaa sandukuni miaka mingi hauna tena virusi hivyo, lakini hujui ni nani aliujaribu sokoni juzi. Kwa hivyo uchukulie kila wembe wa mkono wa pili kuwa umetumika jana.

Baada ya kuosha kwa sabuni na kukausha, tumbukiza sehemu yote ya chuma ndani ya spiriti ya hospitali ya asilimia 70 kwa muda wa dakika 10. Utaratibu huu ni muhimu: sabuni kwanza, spiriti baadaye. Spiriti haipenyi uchafu. Ukiimimina juu ya sabuni kavu na damu, umeosha uchafu tu. Kumbuka pia kwamba spiriti haiui vijidudu vya pepopunda vilivyojifunika gamba, ndiyo maana chanjo haikwepeki. Fanya kazi hiyo mbali na moto na sigara, dirisha likiwa wazi.

Dawa za klorini, kama Jik, huua virusi barabara, lakini huchimba mashimo katika chuma cha aina hii. Zitumie kusafishia meza na beseni. Kuchemsha nako hakufai wembe wenye mpini, kwa sababu mpini hupinda na maji hubaki ndani ya ribiti yakazaa kutu mpya.

Ukimaliza, kausha na upake tone la mafuta. Kabla ya kunyoa, yapanguse mafuta hayo kwa spiriti.

KUNOA: SUBIRA YAVUTA HERI

Wembe wa kunyolea hauwezi kunolewa kwenye kinoo cha kisu cha jikoni, sembuse kwenye sakafu ya saruji. Unahitaji vinoo vya maji vilivyo bapa kabisa. Kinoo cha namba 1000 hutengeneza makali mapya. Kisha hufuata cha namba 4000 au 5000, halafu 8000, na wanaotaka ulaini zaidi huongeza cha 12000.

Siri ya wembe huu ni kwamba mgongo wake ndio kipimo. Ulaze chali juu ya kinoo, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja, na usiunyanyue mgongo hata kidogo. Sukuma makali yakiwa mbele, kama mtu anayetaka kukwangua ngozi nyembamba ya jiwe. Ukifika mwisho, ugeuze juu ya mgongo, urudi upande wa pili. Mkono uwe mwepesi. Ukiuona maji yanapanda juu ya makali kwa urefu wote, umelala sawasawa. Usihamie kinoo cha juu kabla cha chini hakijamaliza kazi yake. Kosa hilo ndilo linalofanya wengi wakate tamaa.

Baada ya vinoo huja mkanda wa ngozi. Hapa mwendo hugeuka: mgongo hutangulia na makali hufuata. Ukisahau na kutanguliza makali, utaukata mkanda. Mara 20 au 30 upande wa kitambaa, na mara 50 hivi upande wa ngozi, zatosha. Mkanda hutumika kila unapotaka kunyoa. Kinoo hutumika baada ya wiki nyingi, makali yanapoanza kuvuta.

Mbona daktari ahangaike na mambo ya kinoo? Kwa sababu wembe butu ndio unaokata ngozi. Mtu akihisi unavuta huukandamiza, na akiukandamiza huteleza. Kama huna vinoo hivi, wala huna mtu wa kukufundisha, afadhali kumlipa anayejua mara moja kuliko kulipa hospitali mara tatu.

SIKU YA KUNYOA

Nawa uso kwa maji ya moto kiasi kwa dakika mbili tatu ili ndevu zilainike. Paka povu zito la sabuni kwa brashi. Shika wembe ukilala karibu na shavu, mgongo ukiwa umenyanyuka kiasi cha nyuzi 30. Ukiusimamisha zaidi, utakata. Ukiulaza kabisa, utavuta. Nyoa kwa mapigo mafupi, ukifuata jinsi ndevu zinavyolala. Usiuburute kamwe kwa upande kama mtu anayekata mkate.

Kwa wiki ya kwanza nyoa mashavu tu, sehemu nyingine malizia kwa wembe uliouzoea. Mkono ukishazoea, nenda taya, kidevu, na koo mwisho. Usinyoe ukiwa na haraka, ukiwa umelewa, au mtoto akiwa amekukumbatia mguu.

Wako wasiopaswa kuujaribu wembe huu: wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wenye maradhi ya damu isiyoganda, wanaotetemeka mikono, na wenye chunusi au majipu usoni. Mwenye kisukari, ambaye vidonda vyake huchelewa kupona, amwone daktari wake kwanza.

VIPELE VYA NDEVU

Sisi Waafrika tuna tatizo letu. Nywele zetu hujikunja. Unywele uliokatwa huwa na ncha kali, nao ukijikunja hurudi na kujichoma ndani ya ngozi. Mwili huuona kama mwiba, ukaanza kupigana nao. Hivyo ndivyo vinavyotokea vile vipele vyeusi vinavyowasha shingoni na kidevuni, ambavyo wengi hudhani ni uchafu wa kinyozi.

Nyembe zenye makali mawili matatu kwa pamoja hulizidisha tatizo hili. Makali ya kwanza huuvuta unywele, ya pili huukata, na kilichobaki hurudi chini ya ngozi na kuota humo humo. Wembe wa kukunja una makali mamoja, kwa hivyo waweza kukupunguzia taabu. Lakini usidanganyike: ukivuta ngozi kwa nguvu na kunyoa kinyume cha ndevu, utapata matokeo yale yale. Nyosha ngozi kidogo tu, nyoa mara moja, na usitafute ulaini wa yai.

Kama vipele vimekwisha kukujaa, usinyoe kwa wembe wowote mpaka vipoe. Tumia mashine inayoacha ndevu za urefu wa milimita moja au zaidi, au zifuge. Vipele vikitoa usaha, au vikiacha makovu yanayovimba, muone daktari. Makovu ya namna hiyo ni rahisi kuzuia kuliko kuondoa.

WEMBE MMOJA, MTU MMOJA

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, na lau msomaji atasahau mengine, hili alikumbuke.

Wembe mzuri huvuta macho. Shemeji akija atataka kuujaribu. Kijana aliyeanza kuota ndevu atauchukua usiku ukiwa umelala. Katika jamii nyingi, mtoto mchanga hunyolewa nywele alizozaliwa nazo, na huenda bibi akaona ni heshima atumie wembe wa babu. Katika baadhi ya jamii za magharibi mwa Kenya waliofiwa hunyolewa baada ya mazishi, na zamani wembe mmoja ulizunguka kichwa hadi kichwa. Mila si adui. Wembe mmoja ndio adui. Kila kichwa kipate wembe wake mpya.

Homa ya ini aina ya B haina alama usoni. Mtu aweza kuishi nayo miaka mingi akiwa na afya, akawaambukiza wenzake, na mwishowe ini likanyauka au kupata saratani. Nchini Kenya watoto wachanga walianza kupewa kinga yake katika chanjo za kawaida mwaka 2001. Hii ina maana kwamba wengi waliozaliwa kabla ya hapo, yaani akina baba wenye umri wa kumiliki nyembe hizi, hawakuipata. Omba upimwe, na kama huna ugonjwa, uchanjwe. Mtu mzima hupewa dozi tatu katika muda wa miezi sita.

Basi wembe wako uwe kama mswaki wako. Hata mke wako asiutumie. Jiwe la shabu unalosugua mahali palipotoka damu nalo ni lako peke yako, kwani hugusa damu kama wembe. Mwenye kinyozi asiutumie wembe wa aina hii kwa wateja. Atumie ule wa kupachika kipande kipya cha makali, afungue kipya mbele ya kila mteja, na kile cha zamani akitie katika kopo gumu lenye kifuniko. Kikitupwa ovyo katika karatasi ya plastiki, kitamkata mzoa taka.

UKIJIKATA

Mkato mdogo ubonyeze kwa kitambaa safi kwa dakika 5 bila kuchungulia, uoshe kwa maji na sabuni, kisha upake shabu iliyoloweshwa. Usipake majivu, kahawa wala dawa ya meno. Mkato ulioachama, usioacha kutoa damu baada ya dakika 10 za kubonyezwa, au ulio shingoni na ni wa kina, ufunike na uende hospitali mara moja.

Kama umekatwa na wembe uliotumiwa na mwingine, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za dharura za kuzuia virusi vya Ukimwi ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na mapema ndivyo bora. Humezwa kwa siku 28. Chanjo ya homa ya ini hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 24. Usione haya kueleza kilichotokea.

Ukishanyoa, suuza wembe, upanguse, uuache wazi ukauke kabisa, kisha upake mafuta. Uhifadhi mahali pakavu, si bafuni, na pawe na kufuli. Wembe unaokaushwa kila siku hautashika kutu tena, na uliofungiwa hautamkata asiye mwenyewe.